Mlango wa Maabara na Haki ya Kuingia

Ndugu wasikilizaji, na hasa ndugu zetu wa jeshi na wa polisi mlioko makambini, vituoni na malindoni, katika mazungumzo yetu ya leo tutaitazama habari ambayo kwa mara ya kwanza huenda ikaonekana kuwa mbali na kazi yenu. Ni habari ya masomo ya juu ya sayansi: ni nani anayeingia katika masomo hayo, na akisha kuingia, anajiona yu nyumbani au anajiona mgeni asiyekaribishwa. Tutaitazama kwa mifano ya miji miwili ya mashariki mwa Uganda, yaani Jinja na Mbale, ambayo wengi wenu mmepata kuitumikia.

Kwanza yafaa tueleze maana ya masomo hayo. Kijana anayesomea shahada ya kwanza hukaa darasani pamoja na wenzake kwa makumi na kwa mamia. Mwalimu husema, wao huandika, na mwishoni hufanya mtihani. Lakini anayesomea shahada ya pili au ya udaktari katika sayansi huwa katika hali nyingine kabisa. Yeye huwekwa chini ya profesa mmoja au wawili, huingia katika maabara, katika wodi ya hospitali au katika mashua ya utafiti, na hukaa humo miaka miwili, mitatu au zaidi akitafuta jawabu la swali ambalo halijajibiwa na mtu. Wenzake ni wachache. Profesa asipompa muda, kazi yake husimama. Wenzake wasipomwonyesha jinsi chombo fulani kinavyofanya kazi, hataweza kukitumia. Wakizungumza lugha asiyoielewa wakati wa chai, hataijua habari inayomhusu. Kwa hiyo katika masomo haya barua ya kukubaliwa haitoshi. Mtu aweza kuwa na barua mkononi na bado akabaki nje ya mlango.

Pengine atatokea mtu kuuliza: hilo lanihusu nini mimi mwenye bunduki na kofia? Na tuanze Mbale.

Kati ya mwaka 2009 na 2011 ulifanywa utafiti mkubwa katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania. Hapa kwetu hospitali zilizoshiriki zilikuwa za Mbale, Soroti, Gulu na Kampala. Watafiti walishughulika na watoto walioletwa wakiwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri mwilini. Vitabu vya utabibu, ambavyo vingi viliandikwa katika nchi za matajiri, vilishauri ya kwamba mtoto wa namna hiyo atiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Basi watoto 3,141 waligawanywa katika makundi, wengine wakapewa maji hayo kwa haraka na wengine wasipewe. Matokeo yaliwashangaza waganga wa dunia nzima. Katika kila watoto 100 waliotiwa maji kwa haraka, karibu 11 walifariki katika muda wa saa 48. Katika kila 100 ambao hawakutiwa kwa haraka, waliofariki walikuwa 7. Dawa iliyodhaniwa kuokoa ilikuwa ikiua.

Ndugu msikilizaji, hebu tafakari. Swali hilo halikuweza kujibiwa katika hospitali za Ulaya zenye vitanda vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Lilijibiwa mahali ambapo mtoto mwenyewe yupo, na kwa juhudi za waganga na wauguzi wa mahali hapo. Mtoto huyo aweza kuwa wa mkulima wa miteremko ya Mlima Elgon, au wa koplo aliyehamishiwa Mbale mwezi uliopita. Mzazi wake aweza kusema Kimasaaba, Kiteso, Kigwere, Kinyole, Kisabiny au Kiswahili tu. Mtafiti asiyeweza kumweleza mzazi huyo kwa lugha anayoielewa hawezi kupata idhini ya haki, wala hawezi kujua ugonjwa ulianza lini na mtoto alipewa dawa gani nyumbani. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka watu wa kila namna waingie katika sayansi. Si kwa ajili ya kuwafurahisha, bali kwa sababu bila wao maswali mengine hayaulizwi kamwe, na wanaoumia ni raia.

Sasa tuelekee Jinja. Mwaka 1947 lilianzishwa hapo, kando ya ziwa, shirika la utafiti wa samaki wa Afrika Mashariki. Wataalamu wake walikuwa Waingereza. Waafrika walikuwamo pia, lakini zaidi kama mabaharia, wavuvi na wasaidizi wa maabara. Wao ndio waliolijua ziwa, majina ya samaki na majira ya kuzaa kwao. Elimu yao iliingia katika vitabu, ila majina yao kwa nadra sana.

Miongoni mwa wataalamu hao alikuwamo mwanamke, Bi Rosemary Lowe, aliyefika Jinja mwaka 1948. Kabla ya hapo alikuwa amechunguza samaki wa Ziwa Nyasa, na huko Jinja aliendelea na kazi yake juu ya jamii ya ngege na perege. Mwaka 1953 aliolewa na mtaalamu wa miamba, Bwana McConnell. Kwa kanuni za utumishi wa kikoloni za wakati ule, mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kuendelea na kazi, kwa hiyo alilazimika kujiuzulu. Hakuwa amekosa lolote, wala ujuzi wake haukuwa umepungua kati ya asubuhi ya harusi na jioni yake. Yeye hakuiacha sayansi. Aliendelea na utafiti huko Amerika ya Kusini na katika jumba la makumbusho la London, akaandika vitabu vinavyosomwa hata leo, mpaka alipofariki mwaka 2014. Lakini Jinja ilimpoteza, na ilimpoteza kwa kanuni iliyoandikwa na watu ambao pengine hawakupata kuliona ziwa.

Tunaitaja habari hii kwa sababu ya yale yaliyofuata. Mwaka 1960 mtaalamu mwingine wa Jinja, Bwana Geoffrey Fryer, aliandika kuonya juu ya mpango wa kumtia sangara katika Ziwa Viktoria, yule ambaye huku kwetu huitwa mbuta. Onyo lake halikufuatwa. Sangara alitiwa, akaongezeka sana katika miaka ya 1980, akawatajirisha wengi, na wakati huohuo mamia ya aina za samaki wadogo wa jamii ya nkejje wakatoweka au wakabaki wachache mno. Hatusemi ya kwamba kama Bi Lowe angalibaki, mambo yangalikuwa mengine. Tunalosema ni kwamba ziwa lenye maswali makubwa kiasi hicho lilikuwa na wachunguzi wachache, na hao wachache wakapunguzwa kwa sababu isiyohusu kazi.

Ndugu zetu wa jeshi mnalijua ziwa hilo. Mwaka 2017 wanajeshi walipelekwa katika maziwa kuzuia uvuvi haramu. Askari aliyesimama ufukoni akimpima mbuta na kumkataa aliye chini ya sentimita 50, alikuwa akitumia kazi ya watafiti. Kipimo hicho kilitokana na kuchunguza samaki huanza kuzaa akiwa na ukubwa gani. Kipimo kikiwa kibaya, askari hugombana na wavuvi bure. Na kipimo kizuri hupatikana pale ambapo mtafiti anamsikiliza mvuvi, na pia anamsikiliza mama anayeanika mukene juani, ambaye aghalabu ndiye wa kwanza kuona ya kwamba samaki wa mwaka huu ni wadogo kuliko wa mwaka jana. Binti wa mama huyo akipata kusoma mpaka shahada ya pili, ataleta maabarani swali ambalo mwingine hakulifikiria.

Jinja inatufundisha jambo la pili. Tangu mwaka 1967 shirika lile lilikuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania walifanya kazi katika nyumba moja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, nyumba ile nayo iligawanyika. Kenya iliunda taasisi yake mwaka 1979, Tanzania ikaunda yake mwaka 1980, na Uganda ikabaki na majengo ya Jinja. Samaki hawakujua habari za mpaka. Ziwa likabaki moja, lakini wanaolipima wakawa makundi matatu. Ilichukua muda mrefu kurekebisha hali hiyo, mpaka mwaka 1994 nchi hizo tatu zilipotia sahihi mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, ambalo makao yake yakawa Jinja. Basi mnaona ya kwamba kuwafukuza wenzako nyumbani ni kazi ya siku moja, na kuwarudisha mezani ni kazi ya miaka.

Je, taifa letu limefanya nini ili mlango uwe wazi? Limefanya mengi. Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922, lakini wanawake wa kwanza, sita kwa hesabu, waliingia mwaka 1945. Kabla ya hapo wito wa chuo ulisema wanafunzi na wawe wanaume, na baada ya wanawake kuingia ilibidi ubadilishwe, ukawa wa kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Mwaka 1959 Josephine Nambooze alihitimu udaktari hapo, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa daktari. Kuanzia mwaka wa masomo wa 1990/91 wasichana walioomba shahada ya kwanza katika chuo cha serikali waliongezewa alama moja na nusu. Sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 iliagiza nafasi zitolewe bila ubaguzi, na hali ya wanawake, walemavu na waliotoka katika shule duni ifikiriwe. Mwaka 2005 ukaja mpango wa wilaya: katika nafasi 4,000 zilizolipiwa na serikali kila mwaka, sehemu ilitengwa kwa ajili ya wilaya, na nyingine kwa ajili ya wanamichezo na walemavu.

Kadhalika elimu yenyewe ilisogezwa karibu. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale kikiwa na wanafunzi 80, na kimepokea wanafunzi wa dini zote. Mwaka 2007 kiliundwa Chuo Kikuu cha Busitema, ambacho makao yake yapo katika barabara kuu iendayo Malaba, na mwaka 2013 kitivo chake cha afya kilianza Mbale, bega kwa bega na hospitali ya rufaa. Mtoto wa Bugisu, Teso, Bukedi au Sebei sasa aweza kusomea udaktari akiwa karibu na kwao.

Lakini hapa ndipo tunapopaswa kuwa wakweli. Hatua nyingi kati ya hizo zilihusu mlango wa kwanza, yaani shahada ya kwanza. Mlango wa pili, ule wa masomo ya juu, hauna alama ya nyongeza wala fungu la wilaya. Humo mambo mengi huamuliwa na watu wachache katika chumba kimoja, kwa mazoea kuliko kwa kanuni. Na mazoea yaweza kumfungia mtu nje bila yeyote kutamka neno baya.

Tuchukue mifano. Yupo mwanafunzi mwenye mtoto mchanga, ambaye kikao cha maabara hupangwa saa kumi na mbili jioni kila mara. Yupo anayetembea kwa magongo, ambaye maabara yake ipo ghorofani pasipo na njia nyingine ila ngazi. Yupo aliyekulia kambini. Baba yake alihamishwa kutoka Moroto hadi Mbale, na kutoka Mbale hadi Jinja. Yeye anajua Kiswahili na Kiingereza, na lugha ya mahali aliposomea haijui. Wenzake humwita mtoto wa soja. Wazee wengine hukumbuka maovu waliyotendewa kwa lugha ya Kiswahili katika miaka ya 1970, na humtazama kijana huyu kana kwamba alikuwako, ingawa hakuwa amezaliwa. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya taifa mwaka 2005, lakini sheria haiondoi kumbukumbu kwa siku moja. Kumbukumbu huondolewa na mwenendo mwema wa wanaoisema lugha hiyo, nanyi mnaonisikiliza ni miongoni mwao.

Upo pia mfano wa dini, na huo ulifika mpaka mahakamani. Wanafunzi wa madhehebu ya Waadventista Wasabato waliishtaki Makerere kwa sababu masomo na mitihani ilipangwa siku ya Jumamosi, ambayo kwao ni ya ibada. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya nchi ilitoa hukumu ya mwisho, na wanafunzi hao wakashindwa. Mahakama iliona ya kwamba chuo chenye wanafunzi wengi na majengo machache hakiwezi kupanga ratiba kwa kumfuata kila mmoja. Hukumu hiyo twaiheshimu. Hata hivyo ni vyema kukumbuka ya kwamba mambo yasiyowezekana kwa wanafunzi maelfu huwezekana kwa wanafunzi watano. Profesa mwenye watafiti watano aweza kuwauliza mwanzoni mwa mwaka: ni nani anayeswali Ijumaa, ni nani anayeshika Sabato, ni nani anayenyonyesha? Kisha akaweka kikao siku ya Jumanne asubuhi. Hilo halidai fedha wala amri ya mahakama. Ladai kuuliza tu.

Wako wanaosema ya kwamba kufanya hivyo ni kushusha kiwango cha elimu. Hoja hii yastahili kujibiwa, maana wanaoisema si watu wabaya. Hawataki daktari asiyejua kazi. Nasi pia hatumtaki. Lakini ndugu askari, ninyi mnajua uwanja wa shabaha. Kuruta akikosa, mwalimu hasogezi shabaha karibu naye. Ila mwalimu huhakikisha ya kwamba kila kuruta amepewa bunduki isiyo na kasoro, amepewa risasi sawa na wenzake, ameonyeshwa jinsi ya kulala na kulenga, na amesikia amri kwa lugha anayoielewa. Akikosa baada ya hayo, kosa ni lake. Lakini kuruta aliyenyimwa risasi za mazoezi akishindwa, hatujapima uwezo wake. Tumepima upendeleo wetu wenyewe. Ndivyo ilivyo katika maabara. Tasnifu isahihishwe kwa ukali uleule kwa wote, na kabla ya hapo msaada utolewe kwa wote.

Tena majeshi yenyewe yamekwisha kupita njia hii. Zamani za ukoloni, wakati Jinja ilipokuwa kambi ya batalioni ya nne ya King's African Rifles, Waingereza waliandikisha askari kwa kuchagua makabila waliyoyaita ya kivita, na kuyaacha mengine. Uganda huru ilirithi jeshi la namna hiyo, na damu iliyomwagika baadaye kwa sababu ya ukabila katika jeshi wazee wetu wanaijua. Kwa ajili hiyo Katiba ya mwaka 1995 iliagiza itungwe sheria ya kuhakikisha ya kwamba wanajeshi wanaandikishwa kutoka kila wilaya ya Uganda. Ikiwa taifa liliona ya kwamba bunduki zisiwe mikononi mwa watu wa upande mmoja, basi ni busara vilevile elimu ya dawa, ya maji, ya udongo na ya samaki isiwe mikononi mwa watu wa upande mmoja.

Basi sisi tufanye nini? Mkuu wa kikosi akiletewa ombi la ruhusa ya masomo na askari mwenye sifa, asilitupe mtobwe ati kwa kuwa jeshi halina haja ya mwanasayansi. Jeshi lina waganga, wahandisi na wapimaji, na polisi wana maabara za uchunguzi wa makosa. Mzazi aliye kambini, mwenye binti aliyehitimu vizuri na kupata nafasi ya shahada ya pili, asimwambie ya kwamba elimu hiyo yatosha, sasa na aolewe. Habari ya Bi Lowe itukumbushe ya kwamba ndoa na kazi havikugombana, waliogombana ni watu walioandika kanuni. Askari wa lindo katika lango la chuo au la taasisi, amwonapo kijana mwenye magongo, mwenye hijabu au mwenye lafudhi ya mbali, asianze kwa kumwuliza ametafuta nini hapo. Amsalimu kwanza kama anavyowasalimu wengine. Lindoni ndipo mgeni anapojua kama nyumba hii ni yake au si yake.

Na kwa maprofesa na wakuu wa vyuo tunasema hivi. Hesabuni si walioingia tu, bali waliomaliza. Watazameni walioondoka katikati, mkaulize waliondoka kwa nini. Chuo kinachopokea watu kumi kutoka pande zote za nchi, kisha kikawahitimisha wanne wanaofanana, hakijafungua mlango.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, ukae kimya pembeni. Walijua ya kwamba mgeni huja na dawa ambayo mwenyeji hana. Watoto wa Mbale waliopona kwa kutotiwa maji kwa haraka ni ushahidi wa jambo hilo, na samaki waliotoweka katika ziwa la Jinja ni ushahidi wa kinyume chake. Elimu ya juu ya sayansi ni nyumba ya taifa zima, na mwenye nyumba haombi ruhusa ya kuketi kwake.